Picha Mama

Methali isemayo mficha uchi hazai ina bahati mbaya. Mwalimu akiitamka darasani, watoto huinama chini ya madawati wakacheka, na mwalimu mwenyewe huivuka upesi kama mtu anayeruka dimbwi, maana yake ikabaki humo humo majini. Wengi wetu tumekua tukijua kuicheka tu. Lakini walioitunga hawakuwa na mzaha. Walimwona mtu mwenye shida amekaa mbele ya wale wale wenye uwezo wa kumsaidia, naye amejifunika gubigubi kwa aibu, wakasema huyu hatapata kitu. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Jovina kule Mbagala.

Jovina alizaliwa Bukoba, akasomea mambo ya kompyuta jijini, na alipomaliza akaajiriwa na Umoja wa Wachongaji Mshikamano kuwa mtunza picha na mauzo. Umoja wenyewe ulikuwa uwanja mmoja wa mchanga wenye vibanda vya mabati, ambamo Wamakonde wa rika zote walikaa chini, miguu wameinyoosha, wakibishana na mpingo. Mpingo ni mti mbishi, hivyo mlio wa tezo haukukoma tangu asubuhi hadi jioni. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mwisho wa uwanja, chenye feni, meza na kompyuta mpakato. Kutoka mlangoni pa ofisi hadi kibanda cha mbali kabisa, mtu angeweza kwenda na kurudi kabla chai yake haijapoa. Msomaji na aukumbuke umbali huo, maana balaa lote lilianzia kwenye uvivu wa kuutembea.

Kazi ya kwanza ya Jovina ilikuwa kuanzisha ghala la picha kwenye kompyuta. Zamani picha za vinyago zilikaa kwenye simu za watu. Mteja akiomba kuona kazi, sharti atafutwe mwenye simu, naye ndiyo kwanza ameenda msibani Masasi. Ghala likayamaliza hayo. Mpiga picha aliingiza picha moja kubwa, nzito, inayoonyesha kila mkwaruzo wa patasi. Ghala liliihifadhi hiyo bila kuigusa, kisha likatoa lenyewe nakala za vipimo mbalimbali: ndogo kama ukucha kwa ajili ya simu, ya mraba kwa ajili ya tovuti, pana kwa ajili ya mabango. Siku ya kulitambulisha, Jovina alisimama mbele ya wanachama akawaeleza kwa lugha nyepesi.

"Hii kubwa tuiite picha mama," alisema. "Mama haguswi wala hapunguzwi. Hizi nyingine ni watoto wake. Mtoto akiharibika, mama yupo, anazaa mwingine hapo hapo."

Wanachama wakapiga makofi. Isack, mwenyekiti wa umoja, mtu mwembamba mwenye sauti nene, aliinuka akawageukia wazee waliokuwa wamelipinga jambo hilo tangu mwanzo.

"Si mnaona? Mlisema tunachezea hela. Huyu binti ni kichwa!"

Jovina akavimba kwa furaha, na nani asingevimba? Sifa ni tamu, hasa zikija mbele ya waliokutilia shaka.

Lilikuwepo sharti moja ambalo hakulieleza sana. Nakala ya mraba haiwezi kubeba kitu kirefu chote, kwa hiyo ghala lilitaka kila picha mama iwekewe alama ya kitovu, yaani mahali ambapo wakati wa kukata pasiachwe nje kwa hali yoyote. Usipoiweka alama hiyo, ghala hushika katikati ya picha na kukata juu na chini, liwe limekata nini lenyewe halijui. Picha zilikuwa mamia. Jovina aliziwekea alama zile za mwanzo, akachoka, akasema moyoni kwamba katikati ni katikati tu, akabonyeza kitufe kimoja, na ghala likazaa watoto wote kwa mkupuo. Hakumwambia mtu. Kazi ilionekana imekwisha na tovuti ilipendeza.

Haukupita muda, simu ikalia ofisini. Mpigaji alikuwa mwanamke aitwaye Benedicta, msimamizi wa hoteli iliyokuwa ikijengwa Kigamboni. Alikuwa ameona kwenye tovuti kinyago cha ujamaa, watu wamebebana mabegani wakapanda juu, kazi ya mkono wa Mzee Albano. Alikitaka kwa ajili ya ukumbi wa mapokezi, na kikiwapendeza wakubwa zake, vyumba vya hoteli vingepambwa kwa kazi za umoja huo huo.

"Kina kimo gani, dada?" Benedicta aliuliza. "Fundi wangu anajenga shubaka ukutani, kikae humo na taa yake."

Jovina hakuinuka kitini. Aliutazama mraba uliokuwa mbele yake, akawahesabu watu waliomo, akakadiria kutokana na vinyago vingine alivyovizoea, akataja kimo.

"Na ndicho chote hicho ninachokiona?"

"Chote, dada. Kama unavyokiona."

Habari zilipofika uwanjani, tezo zilinyamaza. Kwa misimu miwili watalii walikuwa wakipita mbali, na vinyago vilikuwa vikipanguswa vumbi kuliko vilivyokuwa vikiuzwa. Eufrazia, binti yake Mzee Albano, ambaye kazi yake ilikuwa kuvipiga msasa vinyago, alipiga vigelegele hadi akapaliwa. Isack akasema hii ndiyo milango ya heri, na kwamba kila mtu aanze kunoa vyombo vyake.

Mchana Jovina alivuka uwanja kwenda kumpongeza mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umemposea mama yangu mume Kigamboni," Mzee Albano alijibu, akicheka kwa macho.

Jovina hakuelewa. Eufrazia alilivuta gunia lililokifunika kinyago, na hapo Jovina akakiona kwa mara ya kwanza kwa macho yake mwenyewe. Kilikuwa kirefu kama mlango. Watu aliowajua pichani walikuwemo wote, lakini chini yao alikuwepo mwanamke mmoja aliyepiga magoti, ndonya ya urembo imechomekwa mdomo wa juu, chale mashavuni, mikono ameiinua juu. Vidole vyake vilikuwa vimezishika nyayo za watu wawili waliosimama mabegani mwake. Mzigo wote ule ulikuwa shingoni mwake, naye uso ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesubiri wali uive.

"Huyu ndiye bibi," Eufrazia alisema, akimfuta vumbi kwa upindo wa kanga. "Alimvusha baba Ruvuma mgongoni, kipindi kile cha vita Msumbiji. Baba hana picha yake hata moja. Picha yenyewe ndiyo hii. Miaka yote alikuwaga hataki kumuuza. Kakubali sasa hivi kwa sababu atakaa mapokezi. Eti bibi alikuwa anapenda wageni."

Jovina alirudi ofisini. Alifungua picha mama, na bibi yumo, amepiga magoti, hajapungukiwa hata na kidole. Mpiga picha alikuwa amekichukua kinyago kizima na kuacha ukuta mtupu kwa juu. Ghala, kwa kukosa alama ya kitovu, lilikuwa limekata ule ukuta juu na bibi chini. Mstari wa chini ulipita sawasawa kwenye zile nyayo, ikawa kama watu wale wamesimama sakafuni na hawakubebwa na mtu yeyote.

Dawa ilikuwa karibu. Ilikuwa ni kubonyeza uso wa bibi, ghala lizae upya, kisha kumpigia Benedicta na kumwambia, dada, nimekosea, kinyago ni kirefu kuliko nilivyosema. Aliishika simu. Mara yakamjia masikioni yale makofi, na sauti ya Isack ikisema huyu binti ni kichwa. Aliwaza wazee wale watakavyotazamana. Akaiweka simu mezani. Alijiambia atapiga kesho, na kesho ilipofika akakuta nayo ina kesho yake. Hata ile nakala hakuirekebisha, kwa hofu kwamba akiirekebisha itajulikana ilikuwa na kasoro. Huko Kigamboni, fundi alikuwa akipanga tofali.

Wiki iliyofuata Benedicta alimtumia Isack picha ya shubaka pamoja na vipimo vyake. Isack alichukua futi akaenda kibandani, akarudi jasho linamtoka.

"Jovina! Kinyago hakiingii. Wewe ulimpa kimo gani yule mama?"

Hapo mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa mbele ya Jovina, na Isack alikuwa ameuliza kwa mshangao tu, bado hajakasirika.

"Cha kwenye picha, mwenyekiti," alijibu. "Labda mpiga picha alisimama karibu mno. Hakikuenea."

Mpiga picha alikuwa Lusungu, kijana wa Vingunguti aliyeishi kwa kupiga picha za harusi, za vipaimara na za pasipoti. Aliitwa siku hiyo hiyo, akafokewa na Isack uwanjani, watu wote wakisikia. Alikuwa mtu wa utani, lakini siku hiyo utani ulimkauka.

"Mie nilikipiga kizima, mwenyekiti, toka chini mpaka juu," alisema, kisha akamgeukia Jovina. "Sista, si unayo picha mama humo ndani? Mwonyeshe basi, ishu iishe."

Jovina aliyainua macho akayatazama mabati ya vibanda.

"Nitaitafuta," alisema. "Ziko nyingi."

Lusungu alimkazia macho. Hakuwa mjinga, alijua ghala hutafuta picha kwa kuandikiwa jina tu. Akaifunga kamera yake mfukoni, akasema, "Poa. Mungu yupo," akaondoka. Jovina alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Lakini mtu anaweza kujichukia na bado akanyamaza.

Jioni Isack aliwakusanya wanachama. Alisema mteja asiambiwe habari ya kubomoa ukuta, atawakimbia kabla hawajaanza. Kama picha na kinyago havilingani, basi kinyago ndicho kifuate picha. Kikatwe pale chini, kiingie shubakani, maisha yaendelee. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine waliwaza misimu miwili ya kupangusa vumbi vinyago, wakasema mwenyekiti ana hoja. Wakaenda wote kwa Mzee Albano, na Jovina nyuma yao.

Mzee aliwasikiliza huku akilipitisha jiwe la kunolea kwenye patasi yake.

"Mteja ndiye kasema akatwe?" aliuliza mwishoni.

Watu wote wakamtazama Jovina.

"Alichokipenda ni kile cha kwenye picha, mzee," Jovina alijibu. Kila neno hapo lilikuwa la kweli, na jibu zima lilikuwa la uongo.

Mzee Albano aliiweka patasi chini. Eufrazia alimshika bega, naye mzee akautoa mkono wa binti yake taratibu.

"Mie nimechonga watu wanaobebana," alisema. "Nikikataa kuwabeba wenzangu, hicho kinyago kitanicheka. Haya. Ila nitamkata mwenyewe. Mkono wa mtu mwingine usimguse."

Siku ya kukata, kinyago kililazwa juu ya magunia katikati ya uwanja. Isack alikuwa amepiga mstari wa chaki kufuata ile nakala ya mraba, na mstari ulipita juu ya vidole vya bibi. Eufrazia aligeuka akatazama ukuta. Mzee Albano alipiga magoti, akaweka msumeno juu ya chaki, akavuta mara ya kwanza. Mpingo ulilia. Unga mweusi ulianza kumwagika kwenye gunia, na midomo ya mzee ikawa inacheza. Alikuwa akisema kitu kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, akiuelekea ule uso uliokuwa karibu na goti lake. Jovina, mtu wa Bukoba, hakujua hata neno moja la Kimakonde, lakini alielewa kwamba mzee anaomba radhi. Anaomba radhi asiye na kosa, na mwenye kosa amesimama pale, mikono kifuani, kama mtazamaji wa mpira.

"Mzee, acha!" Jovina alipiga kelele. "Nakuomba, mzee, acha!"

Msumeno ukasimama. Watu wakageuka.

"Mteja hajasema akatwe," alisema, na sauti ilikuwa imefifia kiasi kwamba walio mbali walisogea. "Hajui hata kama huyu mama yupo. Picha aliyoiona ilikuwa imekatwa, na niliyeikata ni mie. Nilitakiwa niiwekee alama, sikuiweka. Na kimo nilikitaja kwa kukisia, sikuja hata kupima. Lusungu alikipiga kizima. Nilijua."

"Ulijua lini?" Isack aliuliza.

"Siku ile ile ya simu, mwenyekiti. Nilivyotoka pale kibandani nilijua. Niliona aibu."

Eufrazia alimwendea hadi wakakaribia kugusana.

"Aibu?" alisema. "Aibu yako ndiyo imekata vidole vya bibi yangu?"

Jovina alilia kama mtoto, bila kujifunika uso, na hakuna aliyembembeleza. Isack alianza kupayuka kwamba afungashe virago vyake, kwamba asimwone tena kwenye uwanja ule. Mzee Albano alikuwa ameuachia msumeno, nao umebaki umenasa kwenye mti. Alikuwa akipangusa unga kwa kidole gumba, polepole, aone msumeno umeingia kiasi gani. Ulikuwa umevipita vidole vya mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa mzima.

"Leta hiyo kompyuta," alisema.

Jovina alikimbia akaileta, akaiweka juu ya gogo, akaifungua picha mama. Mzee alisogeza uso karibu na kioo. Aliitazama kutoka juu hadi chini, na alipofika chini akakaa hapo.

"Kumbe yumo," alisema.

"Yumo, mzee. Siku zote alikuwemo."

"Basi mpigie huyo mteja. Tusikie wote."

Jovina alipiga simu, akaiweka sauti kubwa, akasema yote tangu mwanzo. Safari hii hakumtaja mtu mwingine.

"Heh!" Benedicta alisema. "Sasa nani kawaambia mkate? Mie nilitaka kinyago, jamani, sikutaka picha! Dada, ungenipigia siku ile ile, ningemwambia fundi aongeze tofali, basi. Kazi ya nusu siku. Sasa hivi plasta imekauka, marumaru zimebandikwa, na mwenye hoteli hataki kusikia tena mlio wa nyundo. Hakiingii tena hicho. Na huyo bibi ndiye hasa angefaa mapokezi."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Jovina kuliko ukali wa Isack. Alitaka kukata simu, lakini Benedicta alikuwa bado hajamaliza.

"Nitumie picha nzima, za kazi zenu zote. Halafu nije mwenyewe nizione kwa macho yangu. Aliyesema ukweli akiwa na cha kupoteza, nitamsikiliza tena mara moja. Mara moja tu."

Isack bado alitaka Jovina aondoke. Mzee Albano, ambaye alikuwa akiutoa msumeno kwenye mti kwa uangalifu, aliuliza swali moja bila kuinua kichwa.

"Akiondoka, hizo alama nani ataweka?"

Isack aliguna. "Haya. Kalikoroga, na alinywe hapa hapa."

Kabla ya kugusa kompyuta, Jovina alikwenda Vingunguti. Alimkuta Lusungu kwenye kibanda chake karibu na machinjio, akimnyoosha kola mteja wa pasipoti. Alisubiri hadi mteja akaondoka, ndipo akasema alichokuja kusema.

"Kwa hiyo na mie ulinikata pembeni, kama ghala lako," Lusungu alisema.

"Ndiyo. Nimekuja kukurudisha."

"Nirudi, sawa. Ila nilifokewa mbele za watu, sista. Na unisafishe mbele za watu hao hao."

Jovina alifanya hivyo kesho yake, uwanjani, asubuhi, wanachama wote wakiwa na vikombe vya chai mikononi. Isack naye ikambidi aseme samahani. Kwa sauti yake ile nene, samahani yake ilitoka kama amri, watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya msumeno.

Ndipo kazi ikaanza upya. Jovina alizifungua picha mama zote, moja baada ya nyingine, akamwita kila mchongaji aketi kando yake na kuonyesha kwa kidole mahali pasipotakiwa kukatwa. Wengine walionyesha uso. Mmoja alionyesha kisigino, akasema hapo ndipo mti ulipomshinda na yeye akaushinda. Mwingine alinyoosha kidole kwenye nafasi tupu kati ya mikono miwili iliyokuwa ikitafutana, wala hakukubali kitovu kiwekwe pengine. Palipotokea shaka, Jovina aliinuka akavuka uwanja kwenda kukiona kinyago chenyewe. Kila alama ilipowekwa, ghala lilizaa watoto wapya papo hapo, wazee wakisogeza viti kutazama.

Benedicta alikuja kweli. Aliteua kwa ajili ya shubaka lake kinyago kifupi cha mchongaji mwingine, na kwa ajili ya vyumba akachagua kazi nyingi. Havikuwa vyumba vyote, kama alivyoahidi mwanzo, lakini vilitosha kuzirudisha tezo kazini. Mbele ya kinyago cha Mzee Albano alisimama muda mrefu. Alikigusa pale palipopita msumeno, akatikisa kichwa, akaondoka.

Hivyo bibi hakuvuka kwenda Kigamboni. Alisimamishwa kando ya mlango wa ofisi, na kila mgeni aliyeingia alipita mbele yake. Jovina alitengeneza nta iliyochanganywa na unga wa mpingo, akaja kuomba ruhusa ya kuuziba ule mkato.

"Ziba ya nini?" Mzee Albano alimjibu. "Mwite Lusungu ampige picha nyingine."

Lusungu alikuja akapiga, kizima, toka magotini hadi juu kabisa. Jovina aliiingiza picha mama ghalani, akageuza kompyuta ili mzee aone.

"Kitovu nikiweke usoni, mzee?"

"Hapana." Mzee aliweka kidole kwenye kioo, juu ya vidole vilivyokatwa. "Weka hapa."

Jovina akaweka hapo. Tangu siku hiyo, kila nakala inayotoka kwenye picha ile, iwe ya mraba au ya bango, hata ile ndogo kama ukucha, mkato wa msumeno umo katikati yake. Wateja wakiiona huandika kuuliza: huo ni ufa? Mti ulipasuka? Jovina angeweza kujibu kwamba mti ulipasuka, na hakuna ambaye angejua. Mpingo hupasuka, kila mtu anaamini hivyo. Badala yake hujibu kila mara kwa maneno yale yale: "Si ufa. Ni msumeno. Nilikosea nikaficha, na kuficha kwangu ndiko kulikomfikisha hapo." Baadhi hawaandiki tena. Wengi huandika, na huanza kwa kuuliza habari za huyo mama, kisha huuliza habari za vinyago vingine.

Eufrazia alikaa siku nyingi bila kusema na Jovina ila la lazima. Siku moja aliingia ofisini kuchukua msasa, akasimama nyuma ya kiti, akachungulia juu ya bega la Jovina, akasoma jibu lililokuwa likiandikwa. Alitoka, akarudi na kikombe cha chai, akakiweka mezani karibu na mkono wa Jovina, akaenda zake. Jovina alikitazama kikombe kile hadi machozi yakamlenga, kisha akamaliza kuandika jibu lake.

Basi watoto wakicheka tena darasani, mwalimu asiruke dimbwi. Asimame hapo hapo awaambie habari za bibi wa Mbagala aliyekatwa vidole na aibu ya mtu mwingine, na za picha mama iliyokuwa nzima wakati wote huo, ikisubiri tu mtu wa kuifungua, ili waelewe kwa nini hakuna cha kuchekesha katika maneno haya: mficha uchi hazai.